Kuchora Mng'ao wa Metali kwenye Sanamu Ndogo kwa Rangi za Kawaida

Metali iliyosuguliwa vizuri haina rangi moja inayoweza kumiminwa kutoka kwenye chupa. Upanga wa chuma ukishikwa chini ya anga jeupe huonekana mweupe sehemu moja na karibu mweusi sehemu iliyo kando yake, na ukigeuzwa kidogo tu, weupe ule huhamia kwingine na weusi ukachukua nafasi yake. Kinachoonekana pale si rangi ya chuma, bali ni vitu vinavyoakisiwa na chuma: anga, ardhi, taa, vazi la aliyesimama karibu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuonyesha metali kwa rangi za kawaida za akriliki, zisizo na chembe zozote za kumetameta, hana haja ya kutafuta rangi inayofanana na chuma. Anachopaswa kutafuta ni mpangilio wa nuru na giza unaolingana na umbo analolipaka, kwa kuwa kijivu kilekile kinachoonekana kama jiwe kikipakwa kwa usawa hugeuka kuwa chuma mara kinapowekwa kati ya weusi mzito na weupe mkali.

Rangi zenye chembe za metali hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna vipande bapa vidogo sana vya mika (madini yenye kung'aa) au alumini ambavyo huakisi taa halisi iliyomo chumbani, na kwa anayepaka jeshi zima la sanamu za mchezo wa mezani hiyo ni njia ya haraka na inayofaa kabisa. Shida yake ni kwamba nuru ile haimtii mchoraji. Sanamu ikigeuzwa, mng'ao huhama. Ikipigwa picha, huenda upanga ukatoka mweusi wote au ukapauka wote kutegemea taa ilipo. Na bega la sanamu yenye kimo cha milimita 32 ni dogo mno kiasi kwamba nuru halisi haiwezi kujigawa juu yake kama inavyojigawa juu ya deraya ya mtu mzima. Ukitumia rangi za kawaida, nuru hubaki pale ulipoiweka. Unachotoa ni muda, na pia inakubidi ukubali kwamba kazi itaonekana kamili ikitazamwa kutoka upande mmoja uliouchagua, kisha itapungua nguvu kadiri mtazamaji anavyoizunguka sanamu.

Njia hii ni ya zamani kuliko sanamu za plastiki. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti, mwanazuoni wa Italia, aliwashauri wachoraji waache kubandika dhahabu halisi kwenye picha, kwa hoja kwamba sifa kubwa zaidi iko katika kuiga miale ya dhahabu kwa rangi tupu, na kwamba dhahabu halisi juu ya ubao bapa huonekana ya giza mahali inapopaswa kung'aa na hung'aa mahali inapopaswa kuwa ya giza. Lalamiko hilo ndilo lilelile la mchoraji wa leo anayeona upanga wake ukiwa mweusi kwenye picha. Mwaka 1436 mchoraji Jan van Eyck alikamilisha huko Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, picha ya Bikira Maria pamoja na kasisi Joris van der Paele, ambamo Mtakatifu Joji amevaa deraya iliyochorwa kwa rangi za mafuta, na ndani ya mng'ao wake mnaonekana taswira za vitu vilivyo karibu. Ukiikuza picha hiyo kwenye skrini na kulikagua bega la deraya kipande kwa kipande, utajifunza mengi, kwa sababu kila kipande kikitazamwa peke yake ni doa la kahawia, kijivu au nyeupe na si kitu kingine.

Amua kwanza nuru inatoka wapi

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla rangi haijafunguliwa. Chagua upande ambao sanamu itatazamwa, kisha chagua mahali pa taa. Kwa kazi za mwanzo, nashauri nuru itoke juu, mbele, na pembeni kidogo, upande wa kushoto au wa kulia, kwa kuwa nuru ya juu moja kwa moja huyaacha mabega yote mawili yakifanana na kuifanya sanamu ipooze. Ukishaamua, chora mshale kwa kalamu kwenye mpini unaoishikilia sanamu, uelekee upande wa taa. Alama hiyo ndogo itakulinda katika saa ya tatu ya kazi, wakati ambapo ni rahisi sana kupaka mwako (mahali nuru inapong'aa zaidi) wa ngao upande wa kushoto na wa kofia upande wa kulia bila kugundua.

Macho yakishindwa kukisia nuru itaangukia wapi, iache sanamu yenyewe ikuonyeshe. Ipake praima (rangi ya kutangulizia) nyeusi, ikauke, kisha uipake tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa. Zima taa nyingine zote, weka taa moja pale ulipoamua, na upige picha kutoka upande wa kutazamwa. Juu ya weusi unaong'aa, kila mwako hujitokeza wazi: mstari kwenye paja, nukta kwenye goti, ukanda kwenye ubavu wa kofia. Picha hiyo ndiyo ramani yako. Baada ya hapo funika sanamu kwa praima ya kijivu isiyong'aa, nyembamba, ili maumbo madogo yasijae rangi, kisha uendelee. Hata hivyo, usinakili kila mwako unaouona kwenye picha. Chagua miwili au mitatu mikubwa kwa kila kipande cha deraya na uiache mingine, kwa sababu kwenye eneo la milimita chache miako mingi hugeuka madoa, na madoa hulivunja umbo badala ya kulijenga.

Jinsi kila umbo linavyoshika nuru

Deraya yoyote, hata iwe na mapambo mengi kiasi gani, inaweza kugawanywa katika maumbo manne, na anayeyafahamu manne hayo anaweza kupaka karibu kila kitu cha metali atakachokutana nacho.

Mche wa duara, kama vile mkono, mguu, mpini wa rungu au mtutu wa bunduki, huakisi nuru kwa mistari inayofuata urefu wake. Mwako huwa ukanda mwembamba unaotoka mwanzo hadi mwisho wa kipande, si doa katikati. Kando ya ukanda huo giza huja ghafla, ghafla kuliko ambavyo mtu angedhani, na ndilo giza hilo la karibu linalotenganisha metali na kitambaa au ngozi. Kisha, kwenye ukingo wa upande wa kivuli, huja ukanda wa pili, hafifu zaidi, ambao ni nuru iliyogonga ardhi au kitu jirani ikarudi. Wengi huusahau ukanda huu wa pili, na bila huo mche hauonekani kuzunguka, unaonekana umekatwa.

Tufe, kama vile goti, bega la mviringo au kichwa cha kofia, hukusanya mwako mkuu katika doa dogo lililo upande wa taa, si kileleni kabisa. Chini ya doa hilo nuru hushuka polepole hadi giza, na sehemu nyeusi kuliko zote haiko kwenye ukingo wa chini bali juu yake kidogo. Ukingo wenyewe hupata hilali nyembamba ya nuru iliyorudi kutoka chini. Ukipaka tufe kuanzia nyeupe juu hadi nyeusi kabisa ukingoni, utapata mpira uliopauka. Ukiiweka ile hilali, mpira hugeuka chuma papo hapo.

Ubapa hauna mahali pa asili pa kuweka mwako, kwa hiyo mchoraji ana uhuru na pia ana wajibu wa kuamua. Kanuni ninayoishika ni kwamba ubapa mmoja uanze na nuru upande mmoja na umalizie kwa giza upande wa pili, na ubapa unaopakana nao ufanye kinyume. Pale viwili hivyo vinapokutana, nuru inakaa dhidi ya giza kwenye ukingo wote, na ukingo hujichonga wenyewe bila kuchorewa mstari.

Umbo la pia, yaani koni, kama lile la ncha ya mkuki au la kofia iliyochongoka, hufuata kanuni ya mche wa duara, ila mistari yake ya nuru hukutana kwenye ncha, hivyo kila mwako huwa pembetatu ndefu. Na umbo lililobonyea kuelekea ndani, kama ndani ya bakuli, huugeuza mpangilio wote: nuru ya juu huangukia sehemu ya chini ya ubonde, na giza hukaa juu.

Vifaa na matayarisho

Hapa hapahitaji maneno mengi. Brashi ya manyoya ya asili yenye ukubwa wa 1 au 2 na ncha kali ni bora kuliko ile ndogo kabisa, kwa sababu tumbo lake hubeba rangi ya kutosha, ilhali brashi ndogo sana hukaukiwa kabla hujafika kwenye sanamu. Paleti yenye unyevu ni ya lazima, nayo hutengenezwa kwa chombo chenye kifuniko, sponji iliyoloweshwa maji, na karatasi ya kuokea juu yake. Rangi hukaa hapo kwa saa nyingi bila kuganda, na michanganyiko yako hubaki ilivyo. Weka kitambaa au karatasi ya shashi karibu na mkono wa kazi, pamoja na vyombo viwili vya maji. Kabla ya praima, kwangua mistari iliyoachwa na kalibu kwenye plastiki, kwa kuwa tabaka nyembamba za rangi zitaifichua yote na mwako wowote utakaopita juu yake utavunjika. Praima ya kopo la kupuliza itumike mahali penye hewa ya kutosha, na brashi isinyooshwe kwa midomo, kwa sababu baadhi ya rangi zina kadimi, metali yenye sumu.

Jambo moja la mpangilio lina uzito zaidi ya vifaa. Usianze na metali juu ya sanamu ambayo bado ni ya kijivu yote. Weka kwanza rangi za msingi za nguo, ngozi na ardhi inayoizunguka, hata kama hujazimaliza, kwa kuwa jicho hupima nuru kwa kulinganisha. Nyeupe inayoonekana kali juu ya praima hupoa kando ya vazi jeupe, na giza linalotosha kando ya vazi jekundu halitoshi kando ya vazi jeusi.

Upanga wa chuma, hatua kwa hatua

Upanga wenye uti katikati ni kipande kizuri cha kuanzia, kwani una bapa mbili tu na kingo zinazoonekana wazi. Tuchukue kwamba umeinuliwa, ncha ikielekea juu, na nuru inatoka juu kushoto.

Changanya kwanza giza. Bluu ya altramarini na kahawia iliyokolea, kwa kiasi kinachokaribiana, hutoa weusi wenye uhai kuliko nyeusi ya chupani, na unaweza kuusukuma uelekee bluu ukitaka chuma baridi au kahawia ukitaka chuma kikuukuu. Kutoka kwenye weusi huo, kwa kuongeza nyeupe ya titani kidogo kidogo, tengeneza vijivu vitatu. Tukihesabu daraja za nuru kutoka 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 10, ambayo ni nyeupe tupu, giza lako litakuwa kwenye 1, na vijivu kwenye 3, 5 na 7 au 8. Nyeupe tupu ikae peke yake pembeni, itatumika mwisho.

Paka upanga wote kwa kijivu cha daraja ya 3, tabaka mbili nyembamba, sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja ya maji. Ikishakauka, usianze kulainisha kitu. Chora mpangilio kwa ukali: kwenye ubapa wa kushoto weka pande la kijivu cha daraja ya 7 katika theluthi ya juu, na pande la giza karibu na mpini, kwenye ubapa wa kulia fanya kinyume, giza juu na nuru chini. Sasa uweke upanga mbali kwa urefu wa mkono, fumba macho nusu, utazame. Ikiwa hata katika ukali huo unaonekana kama chuma, mpangilio ni sahihi, na yaliyobaki ni subira. Ikiwa hauonekani hivyo, hakuna ulaini wa brashi utakaouokoa. Hamisha mapande ukiwa bado unaweza. Namwomba kila anayeanza asiiruke hatua hii, kwa sababu hapa ndipo kazi inapofaulu au kushindwa, na kurekebisha hapa ni suala la dakika chache.

Mpangilio ukikubalika, jaza katikati kwa kijivu cha daraja ya 5, halafu uanze kuunganisha. Ongeza maji, sehemu nne au tano kwa sehemu moja ya rangi, hadi rangi iwe kama kivuli tu juu ya paleti. Ingiza brashi, kisha uipanguse kwenye kitambaa kabla ya kuigusisha sanamu. Tendo hilo la kupangusa haliwezi kuachwa, kwa maana brashi iliyojaa humwaga kidimbwi kwenye chuma na kidimbwi hukauka na duara la rangi ukingoni. Vuta brashi kuelekea upande unaotaka rangi izidi, kwa kuwa chembe nyingi hubaki pale brashi inapoinuliwa: ukipaka nuru, malizia kwenye nuru; ukipaka giza, malizia kwenye giza. Acha kila tabaka likauke kabisa. Tabaka jembamba kiasi hicho hukauka kwa dakika moja au mbili, na anayerudi juu yake likiwa bichi hulichimbua hadi praima. Kumbuka pia kwamba akriliki ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, hivyo usihukumu nuru kabla ya muda wake.

Kingo huja baadaye. Makali ya upanga hupata mstari mwembamba wa daraja ya 7 au 8, ukichorwa kwa ubavu wa brashi uliolazwa juu ya ukingo badala ya ncha iliyosimama, ili umbo lenyewe liongoze mkono. Pale makali yanapopita kando ya ubapa wenye giza, mstari huo uwe wazi kabisa. Yanapopita kando ya nuru, yaache yayeyuke humo. Uti wa katikati nao hupata mstari, mwembamba zaidi.

Nyeupe tupu ni ya mwisho na ni ya uchache: nukta kwenye ncha, mstari mfupi ndani ya pande la nuru la kila ubapa, nukta mahali makali yanapobadilisha mwelekeo. Nyeupe ya titani ikiongezewa maji mengi hukauka ikiwa na unga kama chaki, kwa hiyo ipakwe nzito kiasi, eneo dogo, na ikihitaji nguvu zaidi irudiwe juu ya yenyewe. Weupe ukizidi sehemu moja ya kumi ya eneo lote, upanga huanza kuonekana umepakwa chokaa.

Dhahabu na shaba

Chuma huakisi rangi zote za nuru karibu sawasawa, lakini dhahabu humeza sehemu ya bluu na kurudisha nyekundu na manjano, na shaba nyekundu hufanya vivyo hivyo. Hii ina maana kwamba hata mwako wa dhahabu una rangi ya dhahabu. Plastiki ya manjano ikiangaziwa na taa nyeupe hupata mwako mweupe juu ya manjano. Dhahabu hupata mwako wa manjano iliyopauka juu ya kahawia. Tofauti hiyo peke yake ndiyo inayowashinda wengi, ambao huanza na manjano kali, huongeza nyeupe juu na kahawia chini, kisha hushangaa kwa nini mkanda wa mfalme unaonekana kama mwanasesere wa mtoto.

Anzia kwenye kahawia. Sehemu ya chini kabisa iwe kahawia iliyokolea yenye tone la zambarau, na rangi ya msingi iwe kahawia nyekundu iliyochanganywa na manjano ya udongo. Manjano ya udongo tupu inaingia katika daraja za kati, ikichukua eneo kubwa kuliko rangi nyingine zote. Kutoka hapo panda kwa kuongeza manjano ya limau na rangi ya pembe za ndovu, si nyeupe, na ufikie karibu nyeupe kwenye nukta chache tu. Dhahabu ikikamilika, ukipima, utaona kwamba manjano kali imechukua sehemu ndogo sana ya kazi.

Kuna jambo katika dhahabu linalonipendeza kuliko mengine yote, nalo ni joto la vivuli vyake. Ndani ya mikunjo ya pambo, ambapo dhahabu inaakisi dhahabu nyingine, rangi huzidi kukolea kuelekea chungwa badala ya kufifia. Chukua kofia yenye pambo la majani: katika bonde jembamba kati ya jani na jani, juu ya kahawia, pitisha tabaka hafifu la chungwa lenye wekundu, sehemu moja ya rangi kwa sita za maji, kisha urudie mara mbili. Bonde lile huanza kuwaka kutoka ndani, na jani lililo juu yake, hata kama hujaliongeza chochote, huonekana zito na la thamani zaidi.

Shaba nyekundu hufuata njia ileile, ila msingi wake ni kahawia nyekundu, katikati huwa chungwa iliyopoozwa, na nuru hupanda kuelekea waridi lililopauka. Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, hukaa kati ya dhahabu na shaba nyekundu, na vivuli vyake hupokea kijani kidogo. Ukitaka kutu ya kijani ya shaba, changanya samawati ya kijani na nyeupe, ongeza maji mengi, uiache itulie kwenye pembe na kuzunguka misumari, mahali ambapo maji ya mvua yangekaa. Isipande kwenye kingo zilizoinuka, kwa kuwa hizo husuguliwa na mikono na nguo kila siku.

Chuma kipya, chuma kilichotumika

Umri wa metali hauonyeshwi kwa kutu pekee. Huonyeshwa kwanza na namna nuru inavyokutana na giza. Chuma kilichosuguliwa kama kioo kina mipaka mikali: nyeupe inagusana na karibu nyeusi bila daraja za katikati, na daraja zote kuanzia 1 hadi 10 zinatumika ndani ya milimita chache. Chuma kilichochakaa kina mwako mpana na laini, na pengine hakipiti daraja ya 7. Kwa hiyo mkuu wa kikosi na askari wake wa mguu wanaweza kupakwa kwa rangi zilezile tano, na mtazamaji akatambua mara moja nani ana mtumishi wa kumsugulia deraya.

Mikwaruzo hufuata kanuni ya nuru kama kitu kingine chochote. Mkwaruzo ni mfereji: chora mstari mfupi wa giza, kisha chini yake, ukigusana nao, chora mstari wa nuru, kwa kuwa mdomo wa chini wa mfereji ndio unaotazama juu. Miwili au mitatu karibu na ukingo wa ngao inatosha, na ielekezwe upande mmoja, kwani mapigo ya upanga hayaji kutoka kila pembe. Nashauri umalize metali yote ikiwa safi kabla ya kuikwaruza; mikwaruzo inayowekwa mapema ili kuficha mpito mbaya huonekana ilivyo, yaani mpito mbaya wenye mikwaruzo.

Kwa chuma cha kioo kuna mtindo wa kuakisi anga na ardhi. Nusu ya juu ya umbo hushuka kutoka nyeupe hadi bluu, kisha huja mstari mkali wa giza unaosimama mahali pa upeo wa macho, na chini yake ardhi ya kahawia inayopauka kuelekea chini. Mtindo huu unavutia kwenye mashine na deraya za hadithi za kubuni, lakini kwenye sanamu ya kihistoria huonekana umezidi. Kwa sanamu ya namna hiyo inatosha kuazima rangi kutoka kwa jirani: kama vazi ni jekundu, pitisha tabaka hafifu la wekundu huo kwenye giza la deraya lililo karibu na vazi, na juu ya ile hilali ya nuru iliyorudi. Papo hapo chuma kinakaa mahali pamoja na nguo, badala ya kuonekana kimebandikwa baadaye.

Kukagua na kumaliza

Kagua kazi kwa kuipiga picha na kuiondolea rangi kwenye simu. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, metali inapaswa kuwa sehemu yenye masafa makubwa kuliko zote kati ya nuru na giza. Ikiwa inafanana na nguo, bado hujafika, na mara nyingi kinachokosekana ni giza, si nuru. Kuogopa weusi ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote. Kazi inayoonekana kama jiwe inahitaji vivuli vizito zaidi. Inayoonekana kama plastiki inahitaji mipaka mikali zaidi kati ya nuru na giza, na pengine kingo zilizo wazi zaidi. Inayoonekana ya vumbi imepakwa nyeupe nyepesi mno, na hutengenezwa kwa kupitisha tabaka moja hafifu la rangi ya kati juu ya eneo lote, kisha kurudisha miako midogo kwa rangi nzito.

Mwisho, linda sanamu kwa vanishi isiyong'aa. Vanishi ya kung'aa, ingawa inaonekana kufaa kwa metali, huleta miako halisi ya taa ya chumbani juu ya ile uliyoichora, na miwili hiyo hupingana kila sanamu inaposogezwa. Paka tabaka mbili nyembamba, ukingoja ya kwanza ikauke vizuri. Vanishi isiyong'aa hupoza nyeupe kidogo, hivyo baada yake chukua tena brashi yenye ncha na urudishe zile nukta chache za nyeupe tupu kwenye ncha ya upanga, kwenye goti na kwenye bega. Nukta hizo hazihitaji vanishi juu yake kama sanamu itakaa kabatini. Kama itashikwashikwa mezani, zipitishie tone dogo la vanishi ileile kwa ncha ya brashi.